Pesa Itoke Mwisho: Ushauri kwa Mnunuzi, Muuzaji, Mwenye Nyumba na Mpangaji

Swali ambalo wasomaji hawaachi kuliuliza ni hili: "Nimelipia kiwanja, nina karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa, sasa ametokea mtu anasema kiwanja ni chake. Nifanyeje?" Nyuma yake huja mengine ya aina hiyohiyo. Kaka mkubwa ameuza nyumba ya marehemu baba bila kuwaambia wadogo zake. Mume ameuza nyumba mke akiwa msibani kijijini. Mwenye nyumba ameng'oa mlango kwa sababu kodi imechelewa.

Ukiuliza baada ya kulipa, jibu lake ni la miaka na la gharama kubwa. Ukiuliza kabla, ni kazi ya siku chache. Kwa hiyo hapa nitakaa zaidi kwenye hiyo "kabla". Pesa ikiwa bado mkononi mwako, muuzaji anakusikiliza na kila karatasi unayoitaka ataitafuta. Ikishatoka, wewe ndiye unayempigia simu.

Ninayoyaeleza yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

JUA KWANZA UNANUNUA NINI

Ardhi yote nchini ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Ndivyo zinavyosema Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999. Unachonunua ni haki ya kuimiliki na kuitumia, na haki hiyo ina ngazi. Muulize muuzaji ana karatasi gani, halafu uipime:

- Hati miliki. Hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Usiishie kusoma jina, tazama ilianza lini. Hati ya miaka 33 iliyotolewa 1995 inakaribia kuisha.
- Barua ya toleo, ile watu wanayoiita "ofa". Inaonyesha mtu aligawiwa kiwanja, lakini hati yenyewe bado. Uliza kwa nini hakumalizia, na kama alilipa ada zote.
- Leseni ya makazi. Ni ya muda mfupi, kwa maeneo ya mjini yasiyopangwa. Ina thamani yake, ila usiilipie bei ya hati.
- Hatimiliki ya kimila. Hii ni ya ardhi ya kijiji. Ukitoka nje ya kijiji huwezi kumalizana na muuzaji peke yake, lazima Halmashauri ya Kijiji ikubali.
- Karatasi ya mauziano tu. Huu ni ushahidi kwamba mtu alimuuzia mwenzake. Kama aliyeuza wa kwanza hakuwa na haki, wote waliofuata hawana.

Msomaji asiye raia ajue jambo moja zaidi: sheria haimgawii mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na kwa utaratibu maalumu. Watanzania wa Uingereza, Marekani au Omani ambao wamechukua uraia wa huko walihesabiwa humohumo kwa miaka mingi, kwa kuwa uraia pacha haujaruhusiwa. Zungumza na wakili kabla hujatuma hata senti. Na wewe uliye nje lakini bado raia, usimtumie ndugu pesa anunue kwa jina lake "kwa muda". Mkataba na uhamisho uwe kwa jina lako tangu siku ya kwanza. Ndugu akifariki, warithi wake watakuta hati yenye jina lake, na wewe utabaki na ujumbe wa simu.

KUIONA HATI HAKUTOSHI

Kosa kubwa la wanunuzi wa viwanja vilivyopimwa ni kuonyeshwa hati, kuona muhuri na picha, kisha kuridhika. Hati inaweza kuwa ya kughushi. Inaweza kuwa halali lakini imewekwa dhamana benki, au ina zuio la mahakama, au mwenye jina lile alishafariki. Hayo hayaandikwi juu ya karatasi uliyoshikishwa. Yako kwenye daftari la Msajili wa Hati.

Fanya hivi:

1. Mwombe muuzaji nakala ya hati. Akikataa hata nakala, ondoka.
2. Peleka maombi ya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ukiwa na namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali utakayopewa, na udai risiti.
3. Subiri jibu la maandishi. Litakutajia jina la mmiliki, muda wa umilikaji, na kama kuna rehani, zuio au mzigo mwingine. Linganisha jina herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA cha muuzaji.
4. Nenda idara ya ardhi ya halmashauri, uombe kuona ramani ya upimaji na mchoro wa mipango miji. Kuna viwanja vinauzwa kama vya makazi kumbe mchoro unasema eneo la wazi, shule au makaburi.
5. Uliza deni la kodi ya pango la ardhi. Deni la miaka mingi linaweza kumfanya mmiliki afutiwe hati, na kwa vyovyote uhamisho haupiti kabla halijalipwa.

Upekuzi uufanye wewe au wakili wako. Ule alioleta muuzaji au dalali usiutegemee hata kama unaonekana mpya. Ukipita muda kati ya upekuzi na malipo, rudia, maana zuio linaweza kuwekwa leo asubuhi.

NENDA UKANYAGE UDONGO

Nenda mchana na mpimaji aliyesajiliwa. Tafuta mawe ya mipaka, hizo bikoni: zege fupi lenye nondo katikati na namba iliyochorwa juu. Namba hizo zinapaswa kufanana na zilizo kwenye ramani ya upimaji. Bikoni isiyo na namba, au iliyozungukwa na udongo mbichi wakati bikoni za jirani zimeota majani, inataka maelezo. Mpimaji asome viwianishi kwa kifaa chake. Wapo waliojenga nyumba nzima kwenye kiwanja cha jirani kwa kuonyeshwa kona isiyo yake.

Kisha ongea na majirani bila dalali kuwepo. Uliza nani amekuwa akilima au kufyeka hapo, nani alikuja kuulizia kabla yako, kuna kesi? Balozi wa nyumba kumi na majirani wa miaka mingi wanajua mengi ambayo hayamo kwenye faili lolote.

Angalia pia maji na barabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa au kingo za mto. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilibomolewa, na wapo waliokuwa wamenunua kwa pesa zao halali. Mwaka 2017 ikaja zamu ya wakazi wa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, nyumba zao zikiwa na alama nyekundu ya X. Kuwa na umeme na maji ya bomba hakuthibitishi kwamba nyumba ipo mahali halali. Kwa kiwanja kilicho karibu na barabara kuu, waulize TANROADS hifadhi ya barabara inaishia wapi pale hasa, upewe jibu la maandishi.

KIWANJA KISICHOPIMWA

Najua wengi wenu hamna uwezo wa kiwanja chenye hati, na siwezi kuwaambia msinunue. Sehemu kubwa ya miji yetu imejengwa hivyo. Lakini hapa hakuna daftari la kupekua, kwa hiyo kazi inakuwa kubwa zaidi, si ndogo.

Watu hufanya hivi: wanakaa ofisi ya serikali ya mtaa, karani anaandika mkataba kwa mkono, wanabandika picha ndogo, mashahidi wanasaini, mwenyekiti anagonga muhuri unaopita nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi. Kisha anaomba asilimia kumi "ya ofisi". Mnunuzi anatoka ameridhika kwamba serikali imemtambua. Haijamtambua. Mwenyekiti ameshuhudia watu wawili wakipatana, basi. Si msajili wa ardhi, na muhuri wake haumgeuzi asiye mmiliki kuwa mmiliki. Hiyo asilimia kumi nayo si kodi ya serikali. Ukiombwa, dai risiti halali ya serikali uone itakavyokuwa.

Serikali ya mtaa itumie kwa kile inachokijua: kumtambua muuzaji, kueleza historia ya eneo na kusema kama kuna mgogoro. Mkataba uandikwe na wakili. Na usinunue kabla hujapata haya:

- Mnyororo wote wa mauziano, kutoka kwa muuzaji wako kurudi nyuma hadi mwenye shamba la kwanza.
- Majirani wa pande zote nne wakitaja mipaka na kusaini.
- Vipimo vya mita kila upande, pamoja na mchoro. "Kutoka mwembe hadi kwa mama fulani" si mpaka. Mwembe hukatwa.
- Jibu la halmashauri kama eneo lina mpango wa urasimishaji, au limeshapangiwa barabara na huduma.
- Njia ya kuingilia, ionekane kwenye mchoro.

JE, ANAYEUZA ANA HAKI YA KUUZA?

Mtu anaweza kuwa na hati yenye jina lake na bado asiwe na ruhusa ya kuuza peke yake.

Mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi jina gani liko kwenye hati. Mke au mume asaini ridhaa mbele ya wakili, yeye mwenyewe, na kitambulisho chake. Akisema "tumetengana", jibu ni kwamba kutengana si talaka. Aonyeshe amri ya mahakama. Akisema hajaoa, ale kiapo cha maandishi, na wewe uliza mtaani. Mwenye wake wawili, uliza nyumba ile anaishi nani.

Mirathi. Hapa ndipo familia nyingi zinapoumia. Mwenye mali akifariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo, hata ukiwa na saini ishirini, unampendekeza tu mtu aende mahakamani. Haumpi mamlaka ya kuuza. Dai barua ya usimamizi, nenda mahakama iliyoitoa ukahakikishe namba ya shauri, kisha kaa na warithi wote watu wazima wasaini kwamba wanajua na wanakubali. Kama kuna watoto wadogo, uwe mwangalifu maradufu. Kwenye kiwanja chenye hati, jina la msimamizi linapaswa kuingizwa kwanza kwa Msajili ndipo lihamie kwako.

Mwenye mamlaka ya kisheria. Kijana anakuja na karatasi kwamba mjomba aliye ng'ambo amempa mamlaka ya kuuza. Isome kama kweli inasema kuuza, na ulizia kama imesajiliwa. Halafu ongea na mjomba mwenyewe kwa simu ya video, mkiwa na wakili. Mamlaka hayo hufa siku aliyeyatoa anapofariki.

MKATABA NA MALIPO

Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuuza haki ya ardhi uwe wa maandishi. Mdomo hautoshi hata kati ya ndugu, na hasa kati ya ndugu. "Ni binamu yangu, nikimwambia tuandikishe ataona simwamini." Mwambie ni kwa ajili ya watoto wenu, ambao hawatakuwepo kwenye mazungumzo yenu.

Mkataba utaje majina kamili na namba za vitambulisho, maelezo ya kiwanja na vipimo, bei kwa tarakimu na kwa maneno, awamu za malipo, nani analipa kodi ipi, siku ya kukabidhiwa, waliomo ndani wanaondoka lini, na pesa itarudishwa vipi uhamisho ukishindikana. Hicho cha mwisho husahaulika kuliko vyote.

Lipa kupitia benki, kwenye akaunti yenye jina la muuzaji. Funga kila awamu na hatua: sehemu ndogo mnaposaini, kubwa zaidi fomu za uhamisho zikishasainiwa na hati ikiwa mikononi mwa wakili, salio baada ya uhamisho kukamilika. Muuzaji akikuambia "kuna mtu mwingine analeta taslimu jioni hii", mwache amuuzie. Haraka ndiyo dalili niliyoiona mara nyingi kuliko nyingine katika malalamiko yenu.

Mkataba ukisainiwa, lipa ushuru wa stempu, ambao ni 1% ya thamani. Usiuruke: mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe. Usikae nao ndani vilevile. Kwa ardhi yenye hati, mpaka jina lako liingie kwenye daftari, mwenye jina bado ni yule aliyekuuzia, na anaweza kukopea au kuuza tena. Uhamisho ukichelewa, mwambie wakili aweke zuio kwa Msajili kulinda maslahi yako.

"LAKINI WAKILI NI GHALI"

Linganisha ada yake na bei ya kiwanja. Halafu patana naye kabla, na muelewane anafanya nini: upekuzi, mkataba, uhamisho, au vyote. Usimtumie wakili aliyeletwa na muuzaji au dalali, maana kila upande unahitaji wake. Na mhakiki mwenyewe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, kwa kuwa vishoka wenye mihuri ni wengi.

KWA MUUZAJI

Kwako nina machache. Kabla ya kutangaza, lipa kodi ya pango la ardhi na uweke karatasi sawa. Usimpe dalali hati halisi, nakala inamtosha. Usikabidhi nyumba kabla salio halijaingia benki, picha ya muamala kwenye simu haitoshi.

Jiandae na kodi ya TRA kwa faida utakayopata. Kiwango cha kawaida kwa mkazi ni 10% ya faida, na bila uthibitisho wa TRA uhamisho hausajiliwi. Faida inapatikana kwa kutoa gharama, hivyo risiti za saruji, nondo, bati na fundi ulizozitunza zinakupunguzia kodi. Msikubaliane kuandika bei ndogo kwenye mkataba. Mgogoro ukitokea, mnunuzi anayedai pesa yake atakuwa na karatasi ya milioni kumi kwa nyumba aliyoilipia arobaini, na nyote wawili mtakuwa mmeidanganya serikali.

KWA MWENYE NYUMBA

Sheria inaruhusu upangishaji wa mwaka mmoja au pungufu uwe hata wa mdomo. Wewe andika hata hivyo. Taja kodi, muda, notisi, matengenezo, idadi ya watu, biashara kama zinaruhusiwa, na umeme unagawanywaje pale mita ya LUKU ikiwa moja. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, na hilo limeleta ugomvi nyumba nyingi. Anayedaiwa kodi hiyo ni mmiliki. Kama mpangaji ndiye anayenunua umeme, mrudishie au ukate kwenye kodi ya nyumba, na mliandike.

Mpangaji wako akiwa kampuni, atakata 10% ya kodi aipeleke TRA. Mwombe cheti cha makato.

Mpangaji asipolipa: notisi ya maandishi kwanza, nakala yenye saini ya kupokea, kisha baraza la ardhi. Kung'oa mlango, kuezua bati, kukata maji au kutupa vyombo nje kunakugeuza kutoka mdai kuwa mdaiwa. Mpangaji mwenye deni la miezi minne anaweza kukushtaki kwa vyombo vyake vilivyolowa mvua.

KWA MPANGAJI

Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ni mapatano ya pande mbili. Ndiyo maana mnadaiwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na ndiyo maana mkataba wenu una uzito kuliko mnavyoudhani. Naona ni pengo linalowaumiza wenye kipato kidogo, na Bunge lilipaswa kuwa limeshaliziba.

- Hakikisha anayepokea pesa ni mwenye nyumba au ana barua yake. Ulizia wapangaji waliomo. Matapeli hupangisha chumba kimoja kwa watu watano.
- Usimlipe dalali kodi. Mlipe ujira wake tu, na baada ya kupewa ufunguo.
- Kabla ya kuingia, piga picha kuta, choo, dari na mita. Uliza deni la maji.
- Mkataba useme kodi haitapandishwa kabla ya muda uliolipia kuisha.
- Paa, kuta kuu na mifereji mikuu kwa kawaida ni wajibu wa mwenye nyumba, kama mkataba haukusema vingine. Taa, kitasa na kioo ulichovunja ni vyako.
- Nyumba ikiuzwa, mwonyeshe mmiliki mpya mkataba na risiti. Ukikosa maandishi, utapata shida kuthibitisha ulilipa hadi lini.

UGOMVI UKIZUKA

Usisubiri. Muda wa kudai ardhi kisheria ni miaka 12, lakini mashahidi hufa na kuhama kabla ya hapo, na anayejenga haraka huwa anajua anachofanya.

Tangu mabadiliko ya 2021, Baraza la Kata halitoi hukumu ya ardhi. Linasuluhisha, na lina siku 30. Likishindwa, litakupa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, nacho utakipeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukiruka hatua hiyo, shauri lako linaweza kuondolewa ukaanza upya. Juu yake kuna Mahakama Kuu, halafu Mahakama ya Rufani. Kama mwenzako anaendelea kujenga au anataka kuuza, omba zuio la muda mapema, usingoje shauri la msingi lisikilizwe. Ukitapeliwa kwa hati ya kughushi, toa taarifa polisi pia, kwa kuwa hiyo ni jinai inayoenda sambamba na dai lako.

Asiye na uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada wa bure na wasaidizi wa kisheria waliopo hadi wilayani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na mashirika ya TAWLA na WLAC, wamekuwa wakisaidia mashauri ya ardhi na mirathi kwa miaka mingi. Ukienda, beba mkataba, risiti zote za benki, jibu la upekuzi, picha za eneo zenye tarehe, na orodha ya mashahidi na namba zao za simu. Acha nakala nyumbani, na halisi usimwachie mtu yeyote bila kukusainia kwamba amezipokea.